Shifti Mbili Kisiwani Gozo

Alhamisi, 5 Machi. Maplewood

Nimeingia saa kumi na nusu jioni. Miguu inauma. Theluji ya barabarani imegeuka uji mweusi, na nusu yake nimeileta jikoni kwa viatu. Gari la mume wangu, Baba Moraa, limetoka, langu limeingia. Kama kawaida. Leo hata kupungiana mkono hatukuwahi, taa ya pale kona ilikuwa kijani kwake.

Karatasi mlangoni mwa friji: "Sukuma iko kwa sufuria ndogo. Passport yako iko kwa droo ya soksi zangu. Tutaona bahari!" Alama ya mshangao ameichora kubwa. Mtu wa miaka hamsini na tatu.

Nimekula nimesimama.

Niandike hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Tangu kitindamimba wetu Onchari azaliwe, miaka kumi na tisa sasa, mimi nafanya kazi mchana hospitalini huku ughaibuni, mume wangu anafanya usiku kwenye ghala kule Shakopee. Tulipanga hivyo ili watoto wasilelewe na watu baki. Tukapokezana watoto vile manesi hupokezana wagonjwa: huyu amekula, huyu ana homa, dawa amepewa saa nane, ripoti iko mlangoni mwa friji. Hata usiku wake wa kupumzika hukaa sebuleni na mpira kwenye runinga, mwili umeshazoea. Mimi huingia kwenye kitanda baridi, hutoka, naye huingia. Ndoa yetu iko kwenye vikaratasi vya manjano.

Sasa Onchari yuko chuo Duluth. Dada yake, Moraa, ni mfamasia Rochester, ana nyumba yake. Tumebaki wawili na hakuna mtoto wa kupokezana.

Na mwezi uliopita friji ikasema: "Mungu ni mkubwa! Nimepewa day shift kuanzia Mei. Tutakuwa tunaamka pamoja."

Nilisoma mara tatu. Nikaitafuta furaha, sikuiona. Nilichoona ni woga, tena woga wa kweli. Kesho yake nikaenda kwa supavaiza wangu nikaomba shifti ya usiku. Kuanzia Mei.

Hajui. Hakuna anayejua.

Jumamosi, 7 Machi

Kanisani. Baba Moraa amelala kuanzia somo hadi baraka, kichwa ukutani, kama kila Sabato. Watu walishazoea. Tukiambiwa tusimame kwa maombi mimi humgusa goti, naye husimama macho yamefumba. Wageni hudhani ni mwombaji sana.

Baada ya ibada wamama wamenizunguka. Mnasafiri? Ehe. Nyumbani? Hapana, kisiwani. Kisiwa gani tena? Gozo, karibu na Malta. Halafu Mama Kerubo: "Kwani huko mnaenda kwa nani?"

Watu wetu hawapandi ndege kwenda mahali pasipo na mtu wao. Likizo ni Kisii. Likizo ni mazishi, ni harusi, ni kwenda kuona kama mabati yalifika. Nimewaambia ni zawadi ya Moraa, miaka ishirini na sita ya ndoa yetu, na amechagua Machi kwa sababu watalii hawajaanza kufika, kutakuwa na utulivu. Yote kweli. Sura zao zimenionyesha hakuna aliyeamini hata neno moja.

Jioni tumekuta begi kubwa kwenye mlango wa gareji. Viatu vya shule, vitamini, blanketi zito. Na barua: "Mkifika Kisii mdogo wangu atakuja kuchukua. Msiogope, sitamwambia mtu." Mama Kerubo ameamua tunakwenda nyumbani kisirisiri.

Baba Moraa amecheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za gareji. Kicheko chake kina mkwaruzo mwishoni. Nilikuwa nimekisahau. Nimesimama na hilo begi mkononi, nikimwangalia, nikiona haya kama mtu aliyechungulia nyumba ya jirani.

Jumanne, 10 Machi. Uwanja wa ndege

Supavaiza amesema anataka jibu langu Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Nafasi ipo, nikiitaka ni yangu. Tutakuwa tumerudi Jumapili.

Basi nimeamua hivi. Nitamwangalia huyu mwanamume siku kumi na moja. Nikiona tunawezana, nitakataa usiku. Nikiona hatuwezani, nachukua, na Mei gari lake litatoka asubuhi langu likiingia, tuendelee hivyo hadi tuzeeke. Nimeandika hapa ili nisije nikajidanganya.

Amelala tayari, hapa kwenye viti vya plastiki. Viatu amevua.

Jumatano, 11 Machi. Gozo

Tumefika. Ndege mbili, basi, halafu feri. Kwenye feri tulikuwa watu kama tisa na lori la magunia ya viazi. Nimesimama nje. Upepo una chumvi, nimeramba midomo njia nzima. Nimetoka kwenye theluji nyeusi jana, leo kila ukuta una maua ya manjano juu yake. Mashambani manjano, kando ya barabara manjano, hadi kwenye mapaa ya nyumba mbovu. Hakuna aliyeyapanda.

Marsalforn ni kijiji cha ufukoni. Hoteli zimefungwa, viti vimepandanishwa na kufungwa kwa kamba. Mkahawa mmoja una karatasi dirishani, nadhani inasema watafungua Aprili. Paka wamelala katikati ya barabara na hakuna wa kuwaamsha.

Mwenye nyumba ni Bi Karmena, mjane, anaishi chini, sisi juu. Mdogo wa mwili, sauti kubwa. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, akikwama anamalizia kwa Kimalta. Ametupandisha ngazi akihesabu, na kwenye moja amesimama akapiga mguu, jiwe linacheza: "Sebgħa!"

"Saba!" Baba Moraa akadakia.

Bi Karmena akamwangalia. Akahesabu tena. Sitta. Sita! Sebgħa. Saba! Disgħa. Hapo tukakisia tisa na tukapata. Halafu akanyoosha mkono dirishani: baħar. Bahari, tukajibu pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Amecheka, amekwenda kutuletea machungwa na vijibini vidogo vya maziwa ya kondoo. Sasa anadhani sisi ni ndugu zake wa mbali.

Chumba cheupe. Kitanda kimoja. Friji ndogo, mlango mtupu. Nimejikuta nauangalia huo mlango.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamka saa tano mchana! Mimi! Jua limejaa chumbani. Upande wake haujalaliwa.

Baba Moraa alikuwa mezani, ametoka matembezini, viatu vina matope, anamenya chungwa. Tumekunywa chai. Amenieleza kuna ghuba nyingine ukivuka kilima. Kufika saa sita macho yakaanza kumdondoka. Saa sita na robo alikuwa kitandani anakoroma.

Nimekaa nikapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Huku tuko mbele kwa saa sita. Saa sita mchana ya huku ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, ndiyo saa anayorudi kutoka Shakopee. Mwili wake umetoka kazini. Wangu nao ulikuwa umelala usiku wa Maplewood.

Jamani. Tumevuka bahari nzima, na bado tunapishana mlangoni.

Ameamka saa moja jioni. Tumekula mkate, nyanya na samaki wa kopo. Amesema mkate mzuri. Nimesema ndiyo, mzuri. Nimelala saa nne usiku kwa nguvu, na kidonge cha usingizi.

Ijumaa, 13 Machi

Karatasi mlangoni mwa friji. Ameikata kwenye mfuko wa mkate na kuibandika kwa kipande cha plasta: "Maji ya kunywa nimejaza chupa. Ukienda kilimani vaa viatu vizuri. Kuna mbwa mmoja, hana shida."

Basi. Ripoti imepokelewa.

Nimepanda kilimani. Mbwa kweli hana shida, amenisindikiza. Kule juu hakuna mtu. Upepo unalaza maua, yanainuka, unayalaza tena. Kengele ya kanisa imelia kutoka kijiji fulani, nyingine ikajibu kutoka kwingine, na baada ya hapo sikusikia kitu. Nimekaa juu ya ukuta wa mawe. Sikuwaza wagonjwa, sikuwaza Mei. Nadhani nimesinzia macho wazi. Nilipoangalia saa, saa mbili nzima zilikuwa zimepita na sijui zilikwenda wapi.

Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyebonyeza kengele ya kitandani.

Nilifurahi. Niseme wazi: nilifurahi kuwa peke yangu huku yeye amelala. Halafu nikaona vibaya, maana nimejipatia jibu la supavaiza mapema mno.

Jumamosi, 14 Machi

Bi Karmena amesema leo ni is-Sibt. Nimemwambia hata sisi ni Sabato, na kwetu ndiyo siku ya ibada. Amenyoosha kidole kwenye kuba la kanisa lake, akasema kesho, kesho! Ametuhurumia, tumekosea siku.

Tumesali wawili mezani. Hatujawahi, kusema kweli. Siku zote ni kanisa zima, au mimi na watoto. Nimesoma fungu, ameomba. Kisha akaanzisha wimbo, sauti ya chini, ile ya besi. Mimi nikashika ya juu kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuishika. Chumba cha mawe kinarudisha sauti. Tulipomaliza beti nne wimbo ulikuwa bado umo ukutani.

Hakulala kwenye ibada. Nimemwambia. Akasema leo hakuna ukuta wa kuegemea, uko mbali.

Tukaangaliana. Nikatafuta neno la kuendeleza. Nikasema, "Chai imepoa."

Saa sita alikuwa amelala. Mjinga mimi.

Jumatatu, 16 Machi

Siku mbaya. Niandike polepole.

Nimelala hadi saa nne. Nimetoka kununua mkate, simu nimeiacha mezani inachajiwa. Nimerudi, Baba Moraa hayupo. Karibu saa sita, saa yake ya kulala, na hayupo. Kitanda kiko vile nilivyokitandika.

Simu ilikuwa imewaka. Ujumbe wa supavaiza uko pale juu, unasomeka bila hata kufungua. Shifti ya usiku uliyoomba, Mei, bado nakushikia, usisahau kunijibu.

Uliyoomba.

Nikaenda kwenye friji. Mlango mtupu. Karatasi ya jana ameibandua.

Miaka kumi na tisa hakuna siku huyu mtu ameondoka bila kuniachia karatasi. Siku mama yake alipofariki aliacha. Siku tuliyokosana kuhusu shule ya Moraa aliandika: "Nimekasirika. Maziwa yameisha." Leo hakuna.

Nimeangalia begi lake, lipo. Pasi yake ya kusafiria ipo. Simu yake ipo pia, ameiacha. Nimeshuka ngazi mbio, ya saba ikanipiga chenga, nikagonga goti. Bi Karmena alikuwa anaanika nguo. Mume wangu? Akaonyesha kwa kichwa upande wa pwani, kwenye mashimo ya chumvi. Amekwenda kwa Żeppi, akasema. Kama kila siku.

Kama kila siku?

Nimetembea dakika ishirini kando ya maji, goti linauma. Pale mwamba umechongwa vishimo vya mraba, mamia, safu kwa safu, hadi baharini. Wakati wa kiangazi maji hukaukia humo ikabaki chumvi. Sasa hivi ni matope na ukijani, yanasafishwa kungojea msimu. Nikamwona mzee mmoja ana kofia ya sufu, ana fagio. Na karibu naye mwanamume mwingine, suruali imekunjwa hadi magotini, pekupeku, naye ana fagio.

Mume wangu. Anafagia bahari.

Kumbe ndiko anakoshinda alfajiri nzima, tangu siku ya pili, wakati mimi nimelala. Hakuniambia. Mimi ni nani wa kulalamika.

Aliniona. Hakuacha. Akasukuma maji machafu hadi ukingoni, akarudi, akasukuma tena. Nikasogea. Akasema bila kuinua kichwa, "Nimeona simu."

Nikasema, "Najua."

Nikakaa juu ya jiwe. Alikuwa kazini, na mtu hakatizwi kazini. Niliona mgongo wake. Una upande mmoja umeshuka, wa kulia, nadhani ni wa kubeba maboksi. Sikuwa nikiujua mgongo huo. Ningekutana nao dukani ningeupita.

Mzee Żeppi ndiye aliyesimamisha kazi. Aliniangalia, akamwangalia, akamnyang'anya fagio kwa upole, akatupungia tuondoke.

Tumerudi. Amelala saa nane. Mimi nimekaa na barafu gotini.

Jumanne, 17 Machi

Tumezungumza. Kwenye paa, saa sita, saa yake ya kulala. Amekataa kulala. Macho mekundu.

Ameuliza swali moja tu: "Mama Moraa, uliomba wewe, au walikupanga?"

Ningeweza kudanganya. Nimesema niliomba mimi.

Nguo za Bi Karmena zilikuwa zinapigwa na upepo kwenye kamba. Kisha akauliza kosa lake ni nini. Hapo nikalia, na sikutaka kulia. Nikamwambia hana kosa. Kosa ni kwamba simjui. Namjua kwenye karatasi, na kwenye karatasi nampenda, nampenda kabisa. Lakini Mei atakaa mbele yangu na kikombe. Ataona nikiamka nina hasira bila sababu hadi saa moja. Ataona naongea peke yangu. Ataona nakula nimesimama. Ataniangalia agundue kwamba miaka yote hii hakukosa kitu kwa kutoniona. Afadhali niende usiku kabla hajagundua.

Nimesema yote hayo kwa pumzi moja. Sijawahi kusema mengi hivyo kwake. Friji haina nafasi.

Yeye amesema polepole, akiangalia baharini. Hata yeye anaogopa. Alipopata barua ya Mei alikaa kwenye gari kule Shakopee, injini inanguruma, asijue kama ni habari njema, ndiyo maana aliandika Mungu ni mkubwa kwa alama ya mshangao. Alitaka aiamini.

Halafu akasema hili, nalinakili kama alivyolisema:

"Wewe ukitoka kitandani unafunika blanketi upande wako. Mimi nikifika nalala hapo. Si kwangu, kwako. Panakuwa bado na joto. Miaka kumi na tisa nalalia joto lako. Ukiniuliza mke wangu ni nani, mimi najua ni hilo."

Blanketi nafunika kwa mazoea ya kazi, huachi kitanda wazi. Ndivyo nilivyokuwa nikidhani.

Akainuka. Akanishika bega, mkono mzito, una mikwaruzo ya chumvi. "Chukua huo usiku. Sitakuzuia. Mimi nitakuwa natoka asubuhi wewe unaingia. Nitakufunikia."

Akaenda kulala.

Nimebaki kwenye paa hadi jua likahama. Nimekasirika. Nilitaka anikataze. Nilitaka agombe, apige meza. Ananipa ninachotaka na kinauma kuliko kunyimwa.

Jumatano, 18 Machi

Karatasi: "Mkate uko. Goti lako paka ile dawa."

Nimepaka.

Alhamisi, 19 Machi

Leo amesema hatalala mchana. Anataka kukiona kisiwa kukiwa na jua na mimi nikiwa macho. Nimemwambia atazimia. Amesema azimie.

Tumepanda kilimani, mbwa mbele, yeye katikati, mimi nyuma na goti langu. Amechuma shina la bizari ya mwitu akanipa nitafune. Amenionyesha kila kitu alichokiona peke yake alfajiri: kisima chenye mfuniko wa mbao, mtini unaotoka ndani ya ukuta, kaburi la punda, au ndivyo Żeppi alivyomwonyesha kwa ishara, huenda ni kitu kingine. Anaongea sana akianza. Sikujua. Anahesabu hatua akipanda mlima, chinichini, kwa Ekegusii. Na akipita kizingiti chochote, hata pengo la ukuta wa shamba, anakigusa kwa vidole viwili.

Nimemuuliza kwa nini. Akashangaa. Hajui kama hufanya hivyo. Hakujawahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Saa saba tulikaa kwenye ule ukuta wangu. Akasema anapumzisha macho kidogo tu. Kichwa kikaja begani kwangu, kizito, kama gunia la mahindi. Akalala.

Sikusogea. Bega likafa ganzi, nikaacha life. Maua yalikuwa yanatufika magotini. Upepo unayalaza, yanainuka. Kuna wakati sikujua tena kama niko macho, kama kengele inalia au imelia zamani, kama tumekuja leo au tumekuwa hapa tangu harusi. Pumzi yake inaingia, inatoka. Mimi nimesikiliza pumzi za watu maisha yangu yote, nazihesabu na kuziandika kwenye chati. Ya huyu nilikuwa sijawahi kukaa nikaisikiliza.

Alipoamka alikuwa ameacha mate kwenye sweta yangu. Akaomba radhi. Nikamwambia anyamaze.

Jumapili, 22 Machi. Ndani ya ndege

Bi Karmena ametupa mfuko wa chumvi ya mwaka jana, kutoka kwa Żeppi. Ameshuka nasi ngazi akihesabu. Kwenye sebgħa sote watatu tukaruka.

Kwenye feri Baba Moraa amekaa macho, akaangalia kisiwa hadi kikawa mstari. Hatukusema lolote kuhusu Mei. Hajaniuliza nitajibu nini. Hataniuliza, namjua kiasi hicho sasa.

Bado naogopa. Niandike ukweli. Woga haujapungua hata kidogo, umebadilisha tu mahali pa kukaa.

Jumatatu, 23 Machi. Maplewood

Nimeandika ujumbe ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali. Asante, nimebadilisha mawazo, nabaki mchana. Jina langu nimeliandika vibaya. Nimetuma hivyohivyo.

Nyumbani nimemwachia karatasi: "Nimekataa usiku. Chumvi iko kwa kabati ya juu."

Jumanne, 24 Machi

Karatasi yake: "Nimeona."

Basi, hilo tu. Lakini chini kwenye karatasi yangu, ambayo hakuibandua, amechora alama ya mshangao. Kubwa.

Jumamosi, 28 Machi

Mama Kerubo amekuja kulichukua begi lake. Hamkwenda Kisii kweli? Kweli. Mlienda tu, kukaa? Kukaa. Ameniangalia kwa huruma, akaniuliza kama niko sawa, kama kuna jambo la kuombea. Nimempa chumvi kidogo kwenye kikopo. Ameinusa.

Jumatatu, 4 Mei

Theluji imekwisha kabisa. Ua wa jirani una maua ya manjano, yale ambayo watu wa huku huyang'oa.

Leo Baba Moraa ameanza mchana. Jana alikunywa kidonge changu, saa nne alikuwa kitandani kama mtu wa kawaida. Mimi sikulala vizuri. Kitanda kilikuwa na mtu.

Kengele zimelia mbili, yake na yangu, saa kumi na nusu alfajiri. Nimeamka na ile hasira yangu. Nimekwenda bafuni, mlango umefungwa. Nyumba hii ina bafu moja na miaka kumi na tisa haijawahi kuwa na foleni asubuhi. Taulo yangu ameichukua. Dawa ya meno ameibana katikati. Nimesimama kwenye korido na mswaki mkononi, ndani anasukutua na kuimba, anasukutua na kuimba, ile besi yake. Nikapiga mlango. Nikasema kwa sauti, "Wewe Baba Moraa, unaoga au unafanya ibada humo? Nitachelewa!"

Akajibu dakika mbili. Akaendelea na ubeti wa tatu.

Nimerudi chumbani kumngojea, nimenuna. Nimekaa kitandani, kwa bahati tu upande wake. Blanketi alikuwa amelirudishia, amelifunika vizuri hadi kwenye mto. Nikaingiza mkono chini yake.

Palikuwa bado na joto.

Nikalala pale. Nikajifunika. Bafu lilikaa wazi muda mrefu kabla sijainuka.